Flashi imegeuza mafolda kuwa shotikati: nimlipe fundi au ninunue antivairasi?

Swali:

"Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Rau, Moshi. Nina laptopu HP EliteBook 840 G3 niliyoinunua Arusha ikiwa imeshatumika, na Windows 10 aliniwekea fundi wa hapo hapo dukani. Wiki tatu zilizopita nilipeleka mtihani kuprinti kwenye steshenari moja jirani na stendi. Niliporudi nyumbani na kuchomeka flashi, mafolda yote yamekuwa shotikati, na tangu hapo kila flashi ninayoichomeka inakuwa hivyo hivyo. Nikifungua Chrome, kona ya chini kulia yanatokea maandishi mekundu kwamba kompyuta ina virusi 5, nibonyeze haraka. Mwanangu wa kidato cha tatu anasema nimedukuliwa na kuna mtu ananitazama kwenye kamera. Fundi anataka shilingi 30,000 afomati na kuniwekea antivairasi ya kukraki ya mwaka mzima. Humo ndani nina mitihani ya miaka sita na picha za msiba wa baba. Barua pepe na akaunti ya benki nafungulia humo humo. M-Pesa iko kwenye simu. Nimlipe fundi, au ninunue antivairasi halali?"

Jibu:

Mwalimu, pole kwa baba na pole kwa usumbufu. Nianze na jibu lenyewe, maelezo yafuate: usimlipe fundi kwa kazi hiyo, na antivairasi usinunue. Unayo tayari, ilikuja na Windows, na kwa dalili ulizozitaja kuna uwezekano mkubwa kwamba ilizimwa siku ile ile laptopu ilipowekwa Windows pale dukani. Kuhusu picha za baba, shusha pumzi kwanza. Virusi vya shotikati vinaficha mafaili, havifuti. Bofya kulia kwenye flashi, chagua Properties, uangalie nafasi iliyotumika. Shotikati moja ina kilobaiti chache tu. Ukiona flashi bado inasema imetumia gigabaiti 5, basi gigabaiti zako 5 zimo humo humo, zimefunikwa.

Ulichoeleza ni mambo matatu yaliyokutana kwenye mashine moja, na kila moja lina mlango wake. Ukiyachanganya utaishia kufomati leo na kulia tena mwezi ujao.

Jepesi kuliko yote ni hayo maandishi mekundu. Hayo ni matangazo tu. Siku fulani wewe au kijana mlifungua tovuti, mara nyingi ya filamu au ya kuangalia mpira bure, ikawaambia mbonyeze "Allow" kuthibitisha kwamba ninyi si roboti. Kubonyeza kule kuliipa tovuti ruhusa ya kukutumia arifa hata baada ya kuifunga. Fungua Chrome, bonyeza nukta tatu juu kulia, ingia Settings, kisha Privacy and security, kisha Site settings, kisha Notifications. Utakuta orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Ondoa kila usiyoijua, halafu chagua kwamba tovuti zisiruhusiwe kuomba kutuma arifa. Dakika mbili, imekwisha. Ila tangazo lenyewe msilibonyeze, kwa sababu hiyo programu ya "kusafisha" linayokupeleka kuipakua ndiyo yenye ugonjwa.

Kuna hila nyingine ya jamii hiyo ambayo kijana wako lazima aijue, maana antivairasi inaweza isiizuie. Ukurasa unakuambia: kuthibitisha wewe ni binadamu, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha Ctrl pamoja na V, kisha Enter. Kinachotokea ni kwamba ukurasa umeshanakili amri kimyakimya kwenye kumbukumbu ya kubandikia. Windows na R inafungua kidirisha cha kuendesha amri, Ctrl na V inaibandika, na Enter inaitekeleza. Kompyuta inaona mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyefungua mlango. Hakuna tovuti ya kweli, iwe ya benki, ya serikali au ya shule, inayohitaji ufanye hivyo kuthibitisha kitu.

Sasa flashi. Zamani Windows ilikuwa ikiendesha yenyewe programu iliyomo kwenye flashi punde tu unapoichomeka. Tabia hiyo iliondolewa kuanzia Windows 7, na mwaka 2011 Microsoft ikaiondoa kwenye matoleo ya nyuma pia kwa njia ya masasisho. Virusi vya flashi vikabaki na njia moja: kukufanya ubofye wewe. Ndiyo maana folda yako ya "Form Two 2023" inafichwa, na mahali pake inawekwa shotikati yenye jina lile lile na picha ile ile ya folda. Usiibofye, bofya kulia, fungua Properties, usome mstari wa Target. Shotikati ya kweli inaonyesha njia ya kwenda kwenye faili. Hii yako itaonyesha cmd.exe au wscript.exe, ikifuatiwa na jina la ajabu linaloishia na .vbs au .js, na mwishoni jina la folda yako. Maana yake: ukibofya, kwanza linaendeshwa hilo faili la ajabu, kisha folda yako halisi inafunguka kama kawaida ili usishtuke. Wakati wewe unatafuta mtihani, kirusi kimeshajinakili ndani ya laptopu, kimejiandikisha kuamka kila unapowasha, na kinasubiri flashi ijayo.

Kwa hiyo hata ukisafisha flashi mara kumi, ukiichomeka tena kwenye laptopu hiyo itachafuka. Ndiyo sababu pia kufomati peke yake si dawa. Fundi akifuta sehemu ya diski iitwayo C na kuacha ile ya D, au akafuta vyote halafu wewe ukachomeka flashi ile ile na kubofya, mmerudi pale pale.

Mlango wa tatu ndio mkubwa, na hukuuliza juu yake. Ni ile Windows yenyewe. Fundi anapoweka Windows isiyo na leseni huwa anaiendesha na programu ya kuiwasha kwa ujanja, yaani kraki. Nyingi kati ya hizo zinaigiza seva ya KMS, mfumo ambao mashirika makubwa hutumia kuthibitisha leseni za kompyuta zao nyingi kwa pamoja. Microsoft Defender, antivairasi iliyomo ndani ya Windows, huzikamata programu hizo, hivyo hatua ya kwanza ya kraki karibu yoyote ni kukuambia uizime Defender, au kuiandikia orodha ya mahali isipokague. Fungua Windows Security, ingia Virus & threat protection, bonyeza Manage settings, shuka hadi Exclusions. Orodha hiyo kwa mtu wa kawaida huwa tupu. Ukikuta imeandikwa C:\ nzima, au folda yenye neno KMS ndani yake, umeshapata jibu la kwa nini kirusi cha steshenari kiliingia bila hodi.

Sisemi kila kraki ina kirusi. Nasema huna njia ya kujua, kwa sababu umemzima mlinzi ndipo ukamfungulia mgeni. Kinachobebwa sana humo siku hizi ni programu za wizi zisizoonyesha dalili yoyote: hazipunguzi kasi, hazileti tangazo. Zinachukua nywila zote ulizohifadhi kwenye kivinjari pamoja na kuki, yaani alama ambazo tovuti inakuachia ili isikuulize nywila kila mara. Kuki ni kama muhuri wa mkononi pale getini. Mwenye nao anapita bila tiketi, na hata ile namba ya uthibitisho inayotumwa kwa SMS haitaulizwa. Zote zinakusanywa na kutumwa kwa dakika moja au mbili, basi.

Kwa hiyo kijana wako amekosea na amepatia. Amekosea kwa kamera: programu za kuangalia kamera zipo, lakini dalili ulizotaja si zake, na waenezaji wa virusi hivi hawakumchagua mwalimu wa Rau, wanatupa nyavu na kuvuna chochote kilichoingia. Kipande cha utepe mweusi juu ya kamera hakina ubaya. Amepatia kwamba nywila zako zichukuliwe kuwa zimeshajulikana, mpaka uzibadilishe. M-Pesa iko kwenye laini na namba yako ya siri, laptopu haiwezi kuifungua. Cha kuogopa ni barua pepe, kwa sababu aliye nayo anaweza kuomba nywila mpya za karibu kila akaunti nyingine uliyoifungua kwa anwani hiyo.

Kazi ya kwanza, basi, ifanyike leo jioni, na ifanyike kwenye simu. Ukibadilisha nywila kwenye laptopu iliyoambukizwa unampelekea mwizi ile mpya. Kwenye simu, ukitumia bando lako, badilisha nywila ya barua pepe kwanza, kisha ya benki. Kwenye akaunti ya Google fungua sehemu ya usalama, tazama vifaa vilivyoingia, uvitoe vyote isipokuwa simu hiyo; hapo ndipo kuki zilizoibwa zinapokufa. Washa uthibitisho wa hatua mbili, na zile namba za akiba unazopewa ziandike kwenye karatasi. Fungua pia WhatsApp, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Kama uliwahi kufungua WhatsApp kwenye kompyuta ya steshenari ili wakuprintie kitu na hukutoka, utaikuta bado imo, na yeyote anayekaa pale anasoma mazungumzo yako. Hili ni la kawaida kuliko kamera, tena mara mia.

Kazi ya pili ni kuokoa mafaili, na hapa napendekeza njia ambayo mafundi wengi wanairuka. Usinakili ukiwa ndani ya Windows hiyo. Nakili ikiwa imelala. Kwenye kompyuta safi, ya rafiki au ya shuleni, pakua Linux Mint (mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows; ni bure, gigabaiti 2 hadi 3) na uiandike kwenye flashi tupu kwa programu kama Rufus. Zima laptopu yako huku umeshikilia kitufe cha Shift ili izimike kabisa, chomeka flashi hiyo, iwashe huku ukibonyeza F9 mara kwa mara. Kwa HP hicho ndicho kinacholeta orodha ya kuchagua kuwakia wapi. Mint itafunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Ukifungua diski yako humo utaona mafaili yote, hata yaliyofichwa, na kirusi cha Windows hakina nguvu yoyote kwa sababu hakijawashwa. Chomeka diski ya nje, ile tunayoiita eksteno, unakili picha, Word, Excel na PDF. Acha kila kinachoishia na .exe, .msi, .vbs, .js, .bat, .scr na .lnk. Usihurumie programu, hizo zinapakuliwa upya. Angalia na sehemu ya D kama ipo.

Flashi zilizochafuka nazo unaweza kuzisoma kwa njia hiyo hiyo. Ukipenda kuzirudisha ndani ya Windows iliyo safi, andika cmd kwenye sehemu ya kutafuta, fungua, kisha uandike amri hii, E ukiibadilisha na herufi ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Nafasi kati ya maneno zina maana, ziandike zote. Amri inaondoa alama za kufichwa, za kutoandikwa na za mfumo, kwa kila faili na folda. Mafolda yatarudi, kisha ufute shotikati na yale mafaili ya .vbs. Ukiifanya kwenye laptopu ambayo bado inaumwa, ndani ya dakika moja yatafichwa tena mbele ya macho yako.

Kazi ya tatu ndiyo itakayokufurahisha. HP EliteBook ni laptopu za kiofisi, na nyingi za kizazi chako zilitoka kiwandani na leseni ya Windows 10 Pro iliyochongwa ndani ya ubao wake mkuu. Kufomati hakuifuti. Kabla hujafuta chochote, bofya kulia kitufe cha Start, fungua PowerShell, uandike:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Ikijibu kwa mafungu matano ya herufi na tarakimu, 25 kwa jumla, piga picha kwa simu. Hiyo ni leseni yako halali, ulishailipia uliponunua mashine, na pengine fundi aliweka kraki juu yake kwa mazoea tu. Ikijibu kwa mstari mtupu, basi leseni haimo, na itabidi uamue kununua au kuhamia Mint moja kwa moja.

Kama imo, tena kwenye kompyuta safi, ingia tovuti ya Microsoft yenyewe upakue Media Creation Tool ya Windows 10. Itahitaji flashi ya gigabaiti 8 au zaidi, itafuta kila kilichomo, na itapakua gigabaiti kadhaa. Fanya hivyo kwa kifurushi cha usiku au mahali penye Wi-Fi. Rudi kwenye laptopu, F9, chagua flashi. Ikiuliza namba ya leseni sema huna, ikiuliza toleo chagua Pro, na ikikuonyesha sehemu za diski zifute zote mpaka ibaki nafasi moja isiyogawanywa. Hakikisha kabla ya hapo kwamba eksteno yako inafunguka kwenye kompyuta nyingine na picha za baba zinaonekana. Fungua tano sita uzione kwa macho. Betri iwe imejaa na chaja imechomekwa. Betri za laptopu zilizotumika mara nyingi hazishiki hata dakika kumi, na umeme ukikatika katikati utaanza upya. Ikishaunganishwa na intaneti itajithibitisha yenyewe.

Hapo tukubaliane ukweli mmoja usiopendeza. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft inatoa masasisho ya ziada ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Unajiandikisha ndani ya Settings, kwenye Windows Update, na hulipi ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwenye akaunti ya Microsoft. Windows 11 rasmi inataka prosesa za Intel za kizazi cha 8 na kuendelea. Yako ni kizazi cha 6. Kuna mafundi wanailazimisha, na inakubali, lakini Microsoft haiahidi kwamba mashine ya namna hiyo itaendelea kupokea masasisho. Kwa kazi yako mimi ningetumia Windows 10 yenye masasisho ya ziada kwa muda uliobaki, huku nikiizoea Mint kwenye ile flashi, kisha nihamie. Mint ni nyepesi, na hivyo virusi vya shotikati haviendeshi humo. Hasara yake ni hii: LibreOffice, programu ya kuandikia iliyomo kwenye Mint, inafungua mitihani yako ya Word, ila majedwali na michoro wakati mwingine yanasogea, na programu za shule zilizotengenezwa kwa Windows tu hazitaingia. Jaribu na mitihani yako mitano yenye michoro kabla hujaamua.

Kwa nini nang'ang'ania masasisho? Mei 2017 virusi vya WannaCry vilifunga mafaili ya watu na kudai fidia, katika nchi zipatazo 150, na vilikuwa vikiruka kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwenye mtandao bila mtu kubofya kitu. Kiraka cha tundu lililotumika kilikuwa kimetolewa Machi mwaka huo huo. Miezi miwili ilitosha kwa aliyesasisha kulala salama. Huku kwetu kikwazo ni bando. Watu wengi wamewekea mtandao wao alama ya "metered" ili Windows isile data, na ni busara, ila Windows ikishaona alama hiyo huacha kupakua masasisho mengi. Usiiondoe, badala yake, mara mbili kwa mwezi, nunua kifurushi kikubwa, ingia Windows Update, ubonyeze mwenyewe kupakua. Masasisho makuu hutoka Jumanne ya pili ya mwezi, kwa hiyo wikiendi inayofuata ni wakati mzuri. Zima pia Delivery Optimization, inayoweza kutumia bando lako kugawia kompyuta za watu wengine masasisho.

Windows ikiwa safi, Defender itakuwa imewaka yenyewe. Iache. Ukiweka antivairasi ya kampuni nyingine, Defender inajizima kupisha, na ukiweka mbili za nje zinagombana na kuishia kuifanya mashine iwe nzito. Antivairasi za kulipia si utapeli, zina mambo ya ziada kama kudhibiti watoto, lakini kwa mashine moja ya nyumbani fedha hizo zina kazi bora kwenye eksteno. Antivairasi ya kukraki, hiyo ni sawa na kumpa geti mwizi aliyevaa sare ya mlinzi. Baada ya wiki moja, endesha ukaguzi wa Microsoft Defender Offline: kompyuta itajizima, itakagua kabla Windows haijaamka, na itarudi baada ya kama dakika 15. Hakikisha pia orodha ya Exclusions bado ni tupu.

Tengeneza akaunti za aina mbili. Moja ya msimamizi, yenye nywila ambayo kijana haijui, usiyoitumia kila siku. Nyingine za kawaida, yako na yake. Akitaka kuweka mchezo, Windows itadai nywila ya msimamizi, na hapo utajua kuna kitu kinaingia. Kwenye Chrome usihifadhi nywila ya benki. Na kwenye dirisha la mafaili, sehemu ya View, weka alama ya kuonyesha viendelezi vya majina, ili "Mtihani.pdf.exe" isijifanye PDF.

Steshenari huwezi kuikwepa, najua, kwa hiyo tenga flashi moja ya barabarani. Iwe ndogo, isiwe na kitu kingine chochote, na mtihani uwe PDF. Ukihifadhi PDF kutoka Word, bonyeza Options uchague kuifunga kwa nywila. Pale steshenari uiandike mwenyewe, usiwatajie. Hapo hata wakibaki na nakala, mtihani hautasomeka kabla ya siku yake. Waombe waprinti moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kunakili. Ukirudi nyumbani usiifungue: bofya kulia, chagua Format, imekwisha. PDF halisi imebaki kwenye laptopu, hujapoteza kitu.

Kuna nyakati ambapo fundi wa ana kwa ana anahitajika, nami sitaki uogope mafundi wote. Mpelekee ikiwa laptopu imefungwa kwa nywila ya BIOS (programu ya ndani ya ubao inayoamka kabla ya Windows) na F9 haikubali, ikiwa diski inapotea na kurudi au Mint haiioni kabisa, au ikiwa hujiamini kufuta sehemu za diski. Mwulize kabla hujamwachia: Windows unaitoa wapi? Utazima Defender? Akikuambia ana flashi yake ya siku nyingi yenye kila kitu, shukuru uondoke na laptopu yako. Akikubali kutumia flashi uliyotengeneza wewe na leseni ya ubao, elfu 30 ni malipo ya halali kwa muda wake, na ukae naye pale mpaka amalize.

Ukikuta siku moja mafaili yana viendelezi vigeni na barua ya kudai fidia, usilipe na usifute. Chomoa intaneti, hifadhi diski ilivyo, na utafute msaada kwenye nomoreransom.org, mradi ulioanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama, wenye funguo za bure kwa baadhi ya virusi hivyo. Ukikuta fedha zimetoka benki, pigia benki kabla ya kufanya lolote, wafunge akaunti, kisha uende kituo cha polisi na ujumbe wote wa SMS ukiwa bado kwenye simu. Namba ya simu ya tapeli itume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli.

Na hiyo eksteno: ikishamaliza kunakili, ichomoe. Kirusi cha kudai fidia kinafunga kila diski kinachoikuta imechomekwa, nakala zikiwemo. Iweke kabatini, uichomeke mara moja kwa wiki Jumapili jioni, na nakala ya pili ya picha za msiba mpe ndugu akae nayo kwake.